Mzee alidai sare, rafiki anasema ulikuwa umeshinda: nani yuko sahihi?

Swali, nimelifupisha: «Mwalimu, shikamoo. Raundi ya nne ya mashindano ya sataranji nilicheza na kete nyeupe dhidi ya mzee mmoja ninayemheshimu sana pale kwetu. Tulibaki na ngome moja kila mtu (kete ile inayokwenda wima na mlalo), mimi nikiwa na kitunda kimoja, kete ile ndogo, cha ziada. Mwishoni akawa ananipiga cheki mfululizo, kisha akasema, "Imejirudia mara tatu, hii ni sare," akaninyooshea mkono. Nikampa mkono, tukasaini karatasi. Nje rafiki yangu akanikaripia kwamba nimetupa ushindi. Mzee naye anasema mchezo ule ulikuwa wa sare tangu zamani. Karatasi ya hatua nimeambatanisha. Nani yuko sahihi?»

Marahaba, kijana wangu. Karatasi yako nimeipanga ubaoni mara mbili, ya pili nikiwa na kikombe cha chai ya tangawizi ambacho kilipoa bila kuguswa. Jibu ni kwamba wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anazungumzia saa tofauti. Mzee yuko sahihi kuhusu hatua ya 41 hadi ya 48. Rafiki yako yuko sahihi kuanzia hatua ya 49 mpaka dakika ile ile uliyonyoosha mkono. Wewe hukujua kwamba katikati hapo mlihama nyumba, kutoka mkao wa sare hadi mkao wa ushindi, na hilo ndilo lililokugharimu nusu pointi.

Hatua 40 za kwanza nazipita. Ulianza kwa ufunguzi uitwao Kiitalia, ukapata kitunda katikati ya mchezo kwa sababu mzee alisahau farasi wake hana mlinzi, mkabadilishana kete mpaka ubao ukawa karibu mtupu. Mlicheza vizuri kwa watu wanaofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Kisa chenyewe kinaanzia hapa chini, na nakuomba uchukue ubao, maana kusoma hatua bila ubao ni kama kunusa pilau ya jirani.

Nitaandika majina ya kete kwa ukamilifu. Safu ni zile za herufi, a mpaka h, na mistari ni ile ya namba, 1 mpaka 8. Nukta tatu baada ya namba ya hatua maana yake ni zamu ya nyeusi. Nasema «cheki», yaani mfalme kushambuliwa, kwa sababu mezani ndivyo tunavyosema.

Hatua ya 47 ilipoisha, ubao ulikuwa hivi. Nyeupe: mfalme c5, kitunda d5, ngome h7. Nyeusi: mfalme d8, ngome g6. Tangu hatua ya 41 ngome yako ilikuwa inatembea kati ya a7 na h7, na ya mzee kati ya g6 na f6. Umeandika pembeni kwa kalamu, «anapoteza muda tu.» La hasha. Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango na hakutaka kuondoka.

Tazama mstari wa 6. Ngome yake ilikuwa imeutandaza kama kamba ya kuanikia nguo, kutoka g6 mpaka upande wa pili. Mfalme wako akitaka kupanda c6 au d6, anakutana na ngome. Na mfalme wako asipopanda, kitunda chako hakina wa kukisindikiza, kwa sababu mfalme mweusi ameketi d8, mraba ule ule ambao kitunda kikifika kinageuka malkia, kete yenye nguvu kuliko zote. Mkao huu una jina. Unaitwa mkao wa Philidor, kwa heshima ya François-André Danican Philidor, Mfaransa aliyezaliwa 1726, mtunzi wa muziki wa opera na bingwa wa sataranji wa zama zake. Alionyesha ulinzi huu katika toleo la 1777 la kitabu chake, na tangu hapo haujapata dawa. Mchezaji wa kijiweni akiujua anamzuia bingwa wa dunia. Simaanishi kwamba anaweza kujaribu. Anamzuia.

Kwa hiyo mzee akisema «ilikuwa sare tangu zamani», kwa hatua hizo saba ana haki yake yote. Inawezekana aliusoma mahali, inawezekana aliugundua mwenyewe kwa kupigwa mara nyingi. Vyovyote vile, mlinzi hana kazi nyingine ila kukaa kwenye mstari wa 6 na kusubiri ukosee au uchoke.

Wewe ukachoka. Hatua ya 48 ulisukuma kitunda d6.

Sikulaumu kwa matokeo, maana mchezo ulikuwa wa sare kabla na baada ya kusukuma. Nakulaumu kwa sababu hukujua umetoa nini. Kitunda kikiwa d5, mfalme wako akifika d6 siku yoyote, kitunda kinakuwa mgongoni kwake kama mwavuli: ngome nyeusi haiwezi kumpiga cheki kutoka chini kwenye safu ya d. Ukikisukuma hadi d6 mwavuli umeutanguliza mbele, na wewe unabaki nyuma ukinyeshewa. Mlinzi anayeujua mkao anangoja hatua hiyo hiyo. Ngome inaacha mstari wa 6 na kukimbilia chini kabisa, mbali na mfalme wako, ianze kumnyeshea cheki kutoka nyuma.

Na mzee alifanya hivyo: 48... Ngome g1. Safi kabisa. Ukacheza 49. Mfalme c6, ukitishia Ngome h8 na mchezo kuisha, kwa sababu mfalme mweusi asingekuwa na pa kukanyaga: c7 na e7 zinalindwa na kitunda, d7 inalindwa na mfalme wako, na mstari wa 8 wote ni wa ngome.

Hapa simama. Mzee alikuwa na hatua moja tu ya sare: Ngome c1 cheki. Ukienda b6, Ngome b1 cheki. Ukienda d5, Ngome d1 cheki, kisha e6, Ngome e1 cheki. Mfalme wako angetangatanga ubao mzima bila kupata hata mti wa kujificha, na kila akimsogelea ngome kumfukuza, kitunda kingebaki yatima kule juu. Hiyo ndiyo sare ambayo mzee mwenyewe alikuwa ameiandaa kwa hatua saba nzima.

Lakini alicheza 49... Mfalme e8.

Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani aliona tishio la h8 na mkono ukatangulia kichwa. Mfalme anatishiwa, basi mfalme akimbie. Ni silika ya mtu yeyote, hata mimi. Mkao wa Philidor unataka ujibu tishio kwa cheki badala ya mbio, na hilo halimjii mtu lenyewe, linafundishwa. Alikuwa ameshafanya sehemu ngumu, ile ya kukaa na subira, akateleza kwenye sehemu nyepesi.

Kuanzia sekunde hiyo ulikuwa unashinda. Ulicheza 50. Ngome h8 cheki, Mfalme f7, 51. kitunda d7. Mfalme mweusi ameshafukuzwa d8 na hatarudi tena. Mzee akaanza cheki zake, lakini sasa zimechelewa: 51... Ngome c1 cheki 52. Mfalme d6, Ngome d1 cheki 53. Mfalme c7, Ngome c1 cheki 54. Mfalme d8. Umejificha mbele ya kitunda chako mwenyewe. Nilipofika hapo nilisema kwa sauti, «Huyu kijana anajua,» mke wangu akauliza nani.

Na hatua zako mbili zilizofuata ndizo zilizonifurahisha kuliko zote kwenye karatasi hii: 54... Ngome c2 55. Ngome h1, Ngome c3 56. Ngome f1 cheki, Mfalme g7. Ngome yako iliyokuwa pembeni imeshuka, ikahamia safu ya f, na ikawa ukuta. Mfalme mweusi yuko upande wa pili wa ukuta na hawezi kuvuka. Sijui kama ulifanya kwa kujua au kwa kubahatisha. Ila ndivyo kitabu kinavyotaka.

Basi sasa uko kwenye nyumba ya pili. Nyeupe: mfalme d8, kitunda d7, ngome f1. Nyeusi: mfalme g7, ngome c3. Zamu yako, hatua ya 57. Mkao huu nao una jina, unaitwa mkao wa Lucena, kwa Mhispania aliyechapisha kitabu cha sataranji Salamanca mwaka 1497. Kichekesho ni kwamba mkao wenyewe haumo katika kitabu chake. Unaonekana kwa Mwitaliano Alessandro Salvio mwaka 1634. Majina yamekwama hivyo hivyo, na wachezaji hawajali. Wanachojali ni kwamba mwenye kitunda anashinda, akijua njia.

Tatizo lako ni dogo ukiliangalia kwa makini. Mfalme wako amekaa kwenye mraba ambao kitunda chake kinautaka, kwa hiyo lazima atoke. Upande wa c hawezi, ngome nyeusi inailinda safu nzima. Upande wa e anaweza, lakini akitoka tu ananyeshewa cheki. Ulichokifanya wewe ndicho wanachokifanya watu wote mara ya kwanza: ukatoka.

57. Mfalme e7, Ngome e3 cheki. 58. Mfalme d6, Ngome d3 cheki. 59. Mfalme e7, Ngome e3 cheki. 60. Mfalme d6, Ngome d3 cheki. 61. Mfalme e7, Ngome e3 cheki. Na hapo ndipo mkono wa mzee ulipokuja.

Najua ulichokuwa unakitafuta, kwa sababu ukingoni mwa karatasi kuna alama ya swali kwenye e4. Ulifikiri kushuka: e6, d5, e4, mpaka umguse ngome kwa mfalme. Ulikataa, na ulikuwa sahihi kukataa. Ukifika e4 kweli unaishambulia ngome iliyoko d3, lakini ngome haingoji kushambuliwa. Inapanda na kula kitunda d7 ambacho umekiacha bila mlinzi, na hapo hakuna mchezo tena. Kwa hiyo uliona njia mbili, ya kushuka ambayo inapoteza kitunda na ya kurudia ambayo inapoteza muda, ukachagua ya kurudia. Hukuona ya tatu.

Ya tatu ni kumtayarishia mfalme mwavuli kabla hajatoka nje. Ngome ndiyo mwavuli.

57. Ngome f4!

Hatua hii haina tishio la wazi, na ndiyo maana haionekani. Ngome inapanda mraba mitatu kwenye safu ile ile ya f, ukuta unabaki ukuta, mfalme mweusi bado hawezi kuvuka. Lakini sasa ngome iko kwenye mstari wa 4, na mstari wa 4 ndio utakaookoa mfalme. Tuseme mzee anasubiri: 57... Ngome c1. Sasa ndiyo unatoka: 58. Mfalme e7, Ngome e1 cheki. 59. Mfalme d6, Ngome d1 cheki. 60. Mfalme e6, Ngome e1 cheki. 61. Mfalme d5, Ngome d1 cheki. Na sasa, badala ya kukimbia, 62. Ngome d4. Ngome inateleza kutoka f4 hadi d4 na kuingia katikati. Mvua imekata. Akila ngome, unaila ya kwake kwa mfalme, na kitunda kinageuka malkia hatua inayofuata. Mfalme wake aliyeko g7 hafiki. Asipokula, kitunda kinageuka vilevile.

Pale kwenye hatua ya 60 anaweza kuwa mjanja akaacha kupiga cheki, akaicheza ngome yake d2 akikilenga kitunda. Usishtuke. Mfalme wako e6 anakilinda d7, nawe unapata muda wa 61. Ngome f5, na ngome inaelekea d5. Daraja lile lile, mstari mmoja juu.

Daraja, ndiyo. Wachezaji wanaiita kujenga daraja, na jina limekaa vizuri kwa sababu ngome inatangulia kulala juu ya mto kabla mfalme hajafika. Wewe ulimtanguliza mfalme mtoni ukawa unashangaa kwa nini analowa.

Kwa hiyo rafiki yako ana haki: hatua ya 57 ulikuwa unashinda, na ulikuwa unashinda hata ya 61. Zile cheki hazikuharibu kitu. Hii ndiyo sehemu ambayo labda hata yeye hakuiona, na hapa naacha ubao kidogo niende kwenye mkono wa mzee.

Mzee alisema mkao umejirudia mara tatu. Nimehesabu. Mfalme wako e7, ngome yake e3, zamu ya nyeupe: baada ya hatua ya 57, baada ya 59, baada ya 61. Tatu kamili. Hakudanganya wala hakukosea hesabu, na naomba usimfikirie vibaya.

Alikosea mlango. Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kifungu cha 9.2, zinatoa sare ya kujirudia kwa mchezaji anayedai wakati ni zamu yake. Ana milango miwili. Wa kwanza: anaona kwamba hatua anayotaka kuicheza italeta mkao kwa mara ya tatu, basi anaiandika kwenye karatasi yake bila kuicheza, anamwita mwamuzi, anasema nia yake. (Hii ni mojawapo ya nafasi chache ambazo unaruhusiwa kuandika hatua kabla hujaicheza.) Wa pili: mpinzani ndiye ameuleta mkao wa tatu kwa hatua yake, nawe unadai kabla hujagusa kitu. Mzee alipaswa kutumia wa kwanza: baada ya wewe kucheza 61. Mfalme e7, aandike «Ngome e3», asiguse ngome, asimamishe saa, ainue mkono.

Kwa maelezo yako, aliicheza ngome, akabonyeza saa, ndipo akasema sare. Akishabonyeza, zamu imekuwa yako. Wakati ule mtu pekee aliyekuwa na haki ya kudai kujirudia mara tatu mezani pale alikuwa wewe, na wewe ndiye uliyekuwa huitaki. Aliyegusa kete amepoteza haki ya kudai kwa hatua hiyo. Ungeweza kukataa, ukacheza 62. Mfalme d8, akarudi Ngome c3, na hapo unakaa na dakika zako sita na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, unapumua, unatafuta Ngome f4.

Ila si kwamba ungerudia milele. Mkao ukijirudia mara tano mwamuzi anaufunga mchezo mwenyewe, hata kama hakuna aliyedai. Kanuni hiyo ipo tangu 2014.

Nimeshakuwa upande wa mzee, ujue. Nilipokuwa kijana nilidai kujirudia mara tatu katika mchezo niliokuwa naupoteza, tena nilidai kwa mlango sahihi, kwa kuandika. Mwamuzi akachukua karatasi zetu, akapanga ubao mwingine pembeni, akarudia hatua moja moja tangu ya kwanza huku watu wakikusanyika. Mara mbili. Ya tatu ilikuwa imefanana tu kwa macho yangu. Kitunda kimoja kilikuwa kimesogea katikati. Akampa mpinzani wangu dakika mbili za nyongeza kama sheria inavyosema, nikapigwa kwa dakika hizo hizo. Tangu hapo kila mkao unaojirudia natia nukta ndogo pembeni ya hatua kwenye karatasi, na nakushauri ufanye hivyo.

Sasa kuhusu kukata rufaa, maana mwisho wa barua yako umeuliza kwa aibu. Hakuna. Dai la sare, hata likiwa na kasoro, linahesabiwa pia kuwa ombi la sare. Wewe ulipewa ombi, ukatoa mkono, mkasaini karatasi zote mbili zenye nusu kwa nusu. Kifungu cha 8.7 kinasema saini zile ndizo matokeo, hata kama si sahihi, isipokuwa mwamuzi aamue vingine. Na mwamuzi ataamua vingine kwa lipi? Hakuna aliyemwita.

Hapa nadhani ndipo uchungu wako ulipo, kuliko kwenye Ngome f4. Umeandika, «Ningemkatalia vipi mzee mkono, Mwalimu?» Hilo ni swali la kweli, na vitabu vya Kizungu havilijibu. Kwetu mkono wa mzee haukataliwi. Lakini usimkatalie mkono, mwombe mwamuzi. Saa inasimamishwa, mkono wako unainuliwa juu badala ya kunyooshwa mbele, na unasema kwa upole, «Samahani mzee wangu, tumwite mwamuzi atuangalizie.» Basi. Hujamwita mwongo. Mzee anayecheza mashindano anajua kazi ya mwamuzi, na wengi watakuheshimu zaidi kwa hilo. Nimeona vijana wanaowapa wazee pointi kwa heshima halafu wanawasema nje ya ukumbi. Heshima gani hiyo.

Kitu kingine kidogo nimekiona. Kuanzia hatua ya 49 mwandiko wako umebadilika, hatua zimeandikwa kwa haraka, na hatua ya 53 umeifuta mara mbili. Ulikuwa na zaidi ya dakika kumi wakati huo. Moyo ulianza kwenda mbio kwa sababu ulinusa ushindi, na mikono ikafuata. Mwisho wa mchezo wenye kete tano tu mezani ndio mahali pa kutulia kwenye makalio yako, samahani kwa lugha. Mzee aliteleza hatua ya 49 kwa kukimbia kabla ya kufikiri, na wewe uliteleza hatua ya 57 kwa jambo lile lile.

Usinunue kitabu kikubwa cha mwisho wa mchezo, kitakutisha. Miisho ya ngome kwa ngome ndiyo inayotokea mara nyingi kuliko mingine yote, na kwa mchezaji wa kiwango chako nyumba mbili zinatosha kwa mwaka mzima. Ukiwa na kitunda cha ziada, jiulize: mfalme wake ameshafukuzwa mbele ya kitunda? Kama ndiyo, unaelekea daraja. Kama bado, usisukume kitunda kwa kuchoka. Zunguka, mwache yeye ndiye achoke. Ukiwa huna kitunda, jiulize kinyume chake: naweza kukaa mbele, na ngome yangu inaweza kushika mstari wa 6?

Leo usiku panga mkao wa hatua ya 57 na mdogo wako, yule uliyesema anapenda kuangalia. Mpe nyeusi, mwambie akupige cheki popote anapotaka. Ujenge daraja mara kumi mpaka mkono uzoee njia ya f4, e7, d6, e6, d5, d4. Kisha mgeuze: mpe yeye nyeupe katika mkao wa hatua ya 47, wewe kaa na nyeusi, uone kama ataweza kukutoa mlangoni ukiwa umeshika mstari wa 6. Akisukuma d6, unajua pa kukimbilia.

Ukimaliza, sogeza mkao wote wa daraja safu moja kushoto, kitunda kikiwa c7 na mfalme c8, ujenge tena. Sogeza nyingine, b7 na b8. Bado daraja linajengeka. Halafu sogeza ya mwisho, kitunda a7 na mfalme a8, na hapo utakuta mfalme hana upande wa pili wa kutokea, ni wa b tu, na habari inabadilika kabisa. Niandikie umeona nini kwenye safu ya a. Na umsalimie mzee.